Spidomita ya Baba na Mstari Niliouruka

Kabla ya kufa, spidomita ya gari letu ilikuwa na mlio. Ulianza kwa mbali, tik, tik, tik, kama mtu anayegonga ukucha kwenye ukingo wa sahani, na kadiri Baba alivyokanyaga mafuta ndivyo mlio ulivyokimbia, mpaka ukawa mkwaruzo mmoja mrefu ulionitia ganzi ya meno. Mshale nao ulitetemeka. Tukisimama kwenye taa za Harrow Road ulilala sifuri, tukiondoka uliruka hadi sitini, ukarudi ishirini, ukaruka tena, na Baba akawa anaugawia jicho moja na barabara jicho la pili huku akisema taratibu, "Huyu ana maradhi." Asubuhi moja, mwanzoni mwa likizo ya kiangazi, mlio ukakatika. Mshale ukalala sifuri na haukuinuka tena. Nilifurahi, maana nilidhani gari lenyewe ndilo limekufa. Nilikuwa na miaka kumi na moja na gari lile nililichukia kwa moyo wangu wote.

Lilikuwa gari dogo la rangi ya chai iliyozidi maziwa, isipokuwa mlango wa nyuma wa kushoto ambao ulikuwa wa bluu. Lilikaa nyuma ya jengo letu Wembley, kwenye uwanja mdogo wa kuegesha ambao siku za mechi uligeuka msala wa kukojoa mashabiki wa mpira, na kila mtoto wa jengo lile aliujua mlango wa bluu. Wakati ule nilikuwa nimefaulu mtihani wa kuingia shule moja upande wa Stanmore, ambako watoto waliteremshwa langoni kutoka kwenye magari yanayong'aa, na Baba, kwa furaha yake, alikuwa ameahidi kunipeleka mwenyewe kila asubuhi akitoka kazini. Alifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate. Nilikuwa nikilala nikiuona mlango wa bluu unafunguka mbele ya lango la shule, na Baba ndani na kofia yake ya nyavu ya kiwandani, akiniombea dua kwa sauti. Ndiyo hofu niliyokuwa nayo kiangazi kile. Ninapoitaja leo nasikia aibu, lakini siyo aibu ile ya wakati ule.

Baba yangu, Hamad, alizaliwa Wete, Pemba. Kiingereza cha kusema alikuwa nacho, cha kutosha kazini na sokoni, ila kilichoandikwa kilimshinda. Asifikiriwe kwamba hakusoma. Kiswahili alikisoma kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu, na ujana wake wote watu wa mtaani kwao walimletea barua zao awasomee: barua za waume walioko ng'ambo, za kesi, za talaka. Alikuwa akinisimulia kwamba msomaji wa barua ana masharti yake. Hacheki, hashangai, haongezi, na haruki hata salamu. London ikampindua. Hapa yeye ndiye aliyeletewa barua na asiweze kuzisoma, na msomaji wake nikawa mimi. Barua za kaunsili, za hospitali, za benki, za shule yangu mwenyewe, zote zilipitia kinywani mwangu. Aliniamini kama alivyotaka yeye aaminiwe zamani. Mimi niliiona kazi hiyo ni adhabu, na nilimjibu kwa Kiingereza kila aliponisemesha Kiswahili, makusudi, kwa sababu nilijua inamchelewesha.

Kwa hiyo spidomita ilipokufa, Baba hakulipeleka gari kwa fundi. Aliazima maktaba kitabu kinene cha ufundi wa gari lile, chenye picha za vyuma vilivyotawanywa, akaniweka juu ya ndoo iliyopinduliwa pale nje, naye akalala chini ya dashibodi huku miguu ikining'inia mlangoni. Mimi nasoma Kiingereza, nageuza Kiswahili, yeye anafanya. Siku ya kwanza nilijifunza kwamba nyuma ya spidomita kuna waya mrefu unaozunguka ndani ya mpira, unaotoka kwenye giaboksi. Magurudumu yanazungusha giaboksi, giaboksi inazungusha waya, waya unazungusha mshale. Baba aliliinua gurudumu la mbele kwa jeki akaniambia nilizungushe kwa mikono. Nikazungusha. Watoto wawili wa ghorofa ya chini walisimama na baiskeli zao kututazama, nami nikazungusha nikiwa nimeinamisha uso mpaka nikaanza kunusa lami. Baba alikuwa amechomoa ncha ya waya nyuma ya spidomita na kuishika kwa vidole.

"Hauji," akasema. "Zungusha tena."

"It's not working," nikamwambia.

"Nnajua kama haufanyi kazi. Nataka kujua umekatikia wapi."

Hiyo ndiyo tofauti yetu. Mimi nilitaka kitu kiishe, yeye alitaka kujua. Aliuvuta ule waya ukatoka nusu, ncha yake imesokoteka na kuchanika. Mtu mwingine angeridhika. Alinunua waya mpya, akaupaka grisi, akaupitisha, tukazunguka mtaani mshale ukipanda na kushuka vizuri, na siku ya tatu tik, tik ikarudi na waya mpya nao ukakatika. Baba hakukasirika. Alikaa kwenye kiti cha dereva na vipande viwili vya waya mapajani, akivitazama kimoja kimoja. Kisha akasema kwamba waya haukuwa na kosa, waya ulikuwa ukiuawa. Akafungua skrubu nne, akaitoa spidomita nzima na kibao chake, akaingiza kipande cha waya kwenye tundu la nyuma na kujaribu kukizungusha kwa vidole. Kilikuwa kizito. Ndani ya spidomita kulikuwa na kijiti kilichokauka, na kila waya uliojaribu kukizungusha ulijisokota mpaka ukafa. Nakumbuka alivyonipa nijaribu na mimi, na uso wake ulivyokuwa umefurahi. Nilijaribu, nikamrudishia, nikamuuliza kama naweza kwenda juu sasa.

Alijaribu kuifungua aitie mafuta, na kigurudumu kimoja cha plastiki, kidogo kama punje ya mpunga, kikavunjika. Jumamosi tukaenda kwenye kiwanja cha magari mabovu karibu na barabara kuu ya mzunguko, tukapita kati ya magari yaliyopandishwa juu ya mengine, mpaka tukampata ndugu wa gari letu aliyegongwa kwa nyuma. Baba aliitoa spidomita yake palepale kwa bisibisi aliyokuja nayo mfukoni. Nyumbani akaiweka juu ya meza ya kulia chakula, juu ya gazeti, akafunga kipande cha waya kwenye drili ya kuazima, akaingiza ncha nyuma na kubonyeza. Mara ya kwanza mshale ulijikunyata chini ya sifuri, kwa kuwa drili ilikuwa inazunguka kinyume. Akabadilisha. Mshale ukapanda polepole, ishirini, arobaini, sitini, bila kutetemeka, na Mama akatoka jikoni na kitambaa mkononi kuja kuangalia. Ndiyo mara pekee kiangazi kile niliyocheka na Baba. Meza yetu ya chakula ilikuwa inakwenda maili sitini kwa saa.

Lakini kwenye kila spidomita, chini ya mshale, zipo zile namba ndogo zinazohesabu maili ambazo gari limetembea tangu lizaliwe. Gari letu lilikuwa limefika elfu tisini na nane. Spidomita ya kiwanjani ilikuwa imesimama kwenye elfu hamsini na moja. Baba aliliona hilo kabla hajaweka skrubu ya kwanza, na likamkaa. Mimi, kwa ujanja wangu, nikamwambia tuiache drili izunguke mpaka zile namba zifike elfu tisini na nane. Alichukua kalamu akapiga hesabu pembeni mwa gazeti kwa makini kabisa, kama nimesema jambo la maana. "Mwezi mzima na siku mbili tatu," akasema, "mchana na usiku, na drili yenyewe ya watu." Kuzifungua zile namba na kuzisogeza kwa mkono hakuthubutu tena baada ya kile kigurudumu. Basi akaandika elfu tisini na nane kwenye daftari lake, na tarehe, na kuifunga spidomita mpya mahali pake.

Jumapili asubuhi tulikwenda kuipima. Alikuwa amelaza uzi wa Mama juu ya ramani ya mitaa na kupata maili moja kamili kutoka taa hizi mpaka mzunguko ule, akanipa saa yake ya mkono. Alisema ukienda thelathini, maili moja ni dakika mbili, si zaidi wala si chini. Tulipita pale mara tatu. Mara zote tatu mshale ulisema thelathini, na mara zote tatu nilimtajia dakika mbili na sekunde chache. Alipaki pembeni na kutoa kitambaa akajifuta uso. Alikuwa ameitengeneza mwenyewe, mtu wa Wete, kwa kitabu asichoweza kukisoma. Leo ningempigia makofi. Siku ile nilikuwa nimejikunja kwenye kiti ili mtu asinione.

Wiki ileile mfanyakazi mwenzake akamwambia anauza gari lake, kubwa na jipya kuliko letu, na kwamba atamngojea Baba mpaka mwisho wa Agosti na si zaidi. Masharti yakawa haya: tukiuza la mlango wa bluu kabla ya Septemba, tunapata lile. Tusipouza, nakwenda Stanmore na mlango wa bluu. Hakuna mtu aliyekuwa na hamu ya kuuza gari kuliko mimi. Baba aliniita, akanipa kadi nyeupe, akanisomea la kuandika kwa Kiswahili nami nikaliandika kwa Kiingereza: aina ya gari, mwaka wake, bei, namba yetu ya simu. Kisha akasema, "Sasa andika: mita imebadilishwa. Mileji unayoiona si yake. Yake ni elfu tisini na nane."

Nilimwambia hakuna atakayenunua.

"Kitu kina aibu na weye unaijua, unaisema," akajibu. "Usipoisema, ulichopokea si halali yako. Andika."

Nikaandika. Elfu tisini na nane niliiandika kwa maneno, si kwa namba. Akaniambia nimsomee yote, nikamsomea, naye akafuata kwa kidole ingawa hakuweza kujua kidole kiko neno gani. Tulibandika kadi kwenye ubao wa duka moja la Ealing Road ambalo mwenyewe alikuwa Mhindi wa Kisumu, mtu mchangamfu aliyependa kusema Kiswahili na Baba. Wiki mbili simu haikulia. Tulipokwenda kununua unga, mwenye duka alimwambia, "Mzee, hii kadi yako inafukuza watu, bwana. Toa hayo maneno ya maili, gari itaenda." Baba alicheka akasema maneno yatabaki. Lakini kadi ilikuwa imejikunja na kupauka kwa jua la dirishani, kwa hiyo aliomba nyingine, akanipa niinakili upya.

Niliinakili kwenye meza ileile ya chakula. Niliandika aina, mwaka, bei, simu. Nilipofika kwenye mstari wa mwisho nilisimama. Sitaki kudanganya kwamba nilisahau, au kwamba nafasi haikutosha. Nafasi ilikuwa tele. Nilitazama ule weupe uliobaki, nikaona lango la shule, nikafunika kalamu. Nikamfuata Baba chumbani, alikokuwa ameketi kitandani na miguu kwenye beseni la maji ya moto, maana kiwandani alisimama kwa saa kumi nzima kila usiku. "Soma," akasema. Nikasoma aina, nikasoma mwaka, nikasoma bei na simu. Kisha, macho yangu yakiwa kwenye pale patupu, nikasoma: mita imebadilishwa, mileji unayoiona si yake, yake ni elfu tisini na nane. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Nilikuwa nimemsomea barua kwa miaka minne na nilijua sauti ya kusomea.

"Ahsante, mwanangu," Baba akasema, akafumba macho.

Siku ya tatu alipiga simu Bwana Shaame. Naye alikuwa Mpemba, akikaa Tooting na kufanya usafi kwenye hospitali moja huko, na alisafiri London nzima kuja kuliona gari. Wapemba tulikuwa wachache wakati ule, tulijuana kwa majina ya mababu. Alikuja na kadi yetu mkononi, amekwisha kuibandua dukani. Walikunywa chai, wakaulizana habari za Wete na Chake, wakatoka wakalizunguka gari, wakarudi. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni, na maneno yao nayakumbuka kila moja.

"Karatasi umeisoma?" Baba akamuuliza.

"Nimeisoma."

"Yote?"

"Yote, Bwana Hamad. Sina suala."

"Na umeridhika na hali yake?"

"Nimeridhika. Gari la mtu kama weye nilikague nini?"

Wakapeana mikono. Baba alidhani amesema aibu ya gari na mwenzake ameipokea. Kumrudia tena, baada ya mtu kusema ameridhika, kungekuwa kama kumwambia hajui kusoma, na Baba hakuwa mtu wa kumvunjia mwenzake heshima kwa jambo hilo, yeye hasa. Akampa funguo na makaratasi yote ya gari, pamoja na cheti cha ukaguzi wa mwaka uliopita, ambacho kilikuwa na maili za kweli zimepigwa chapa. Mwizi gani humpa mtu ushahidi wa wizi wake kwenye bahasha? Hilo baadaye hakulifikiri hata mmoja wao, na mimi niliyelijua nilinyamaza.

Septemba nilikwenda Stanmore na gari kubwa la kijani. Niseme kweli, nilifurahi. Nilifurahi kwa wiki saba.

Bwana Shaame alirudi Jumapili moja ya Oktoba, baada ya alasiri, na hakuja peke yake. Alikuwa na Maalim, mzee aliyetufundisha Kurani sisi watoto siku za Jumamosi, na ambaye ndiye aliyefungisha ndoa za watu wetu. Kwetu mtu hakimbilii mahakamani. Huja na mtu wa kusikiliza. Mama alileta kahawa na haluwa, na hakuna aliyeigusa haluwa.

"Mie sikuja kugombana," Bwana Shaame akaanza. "Nimelipeleka gari emotii, ule ukaguzi wao wa kila mwaka. Wametazama cheti cha mwaka jana, wakanambia gari limerudi nyuma. Lilikuwa elfu tisini na kitu, sasa ni hamsini na mbili. Wakanicheka, Bwana Hamad. Wamenambia aliyeniuzia amenila."

Baba hakubadilika uso. "Kweli mita si yake," akasema. "Niliibadilisha mwenyewe. Lakini sikukuficha. Imo kwenye karatasi."

"Haimo."

"Imo. Karatasi unayo?"

Bwana Shaame aliitoa kwenye mfuko wa koti. Alikuwa ameiweka, mtu mwangalifu. Baba aliipokea, akaiangalia kama vile angeweza kuisoma, kisha akaniita. Nilikuja nikasimama katikati ya zulia, na shungi langu la madrasa kichwani kwa ajili ya Maalim.

"Wasomee," Baba akasema. "Kila neno. Usiogope."

Nilisoma aina. Nilisoma mwaka. Nilisoma bei na simu. Nikanyamaza.

"Endelea. Mstari wa mileji."

"Haumo," nikasema, kwa Kiswahili, maana mbele ya Maalim sikuthubutu Kiingereza. "Hukunambia niuandike."

Sijui yalitoka wapi maneno hayo ya pili. La kwanza lilikuwa kweli na lingetosha kuniumbua. La pili nililiongeza mwenyewe. Baba alinitazama. Nimejaribu mara nyingi kuueleza mtazamo ule na nashindwa. Haukuwa wa hasira, na ningependa ungekuwa wa hasira. Alinitazama kama alivyovitazama vipande viwili vya waya kwenye mapaja yake, akitafuta mahali pa kosa. Nadhani alipapata haraka sana. Kisha akawageukia wageni wake.

"Basi ni mie," akasema. "Nitakuwa nimesahau kumwambia mtoto. Kosa langu, Bwana Shaame. Unisamehe."

Maalim aliinamisha kichwa. Alimwuliza Baba mara ya pili, kwa upole, kama ana hakika, kwa sababu kusahau jambo kama lile si jambo dogo kwa muuzaji. Baba akasema ana hakika. Gari la mlango wa bluu likarudi kwetu, Bwana Shaame akarudishiwa chake, gari la kijani likaenda, na mimi, kwa kuwa sikuthubutu kumwomba Baba anipeleke tena, nikaanza kupanda basi kwenda Stanmore. Hilo lilikuwa ndilo langu la kulipa, na halikuwa kitu.

La Baba lilikuwa jingine. Kabla ya siku ile, kila ndoa ya Wapemba London iliyopita mikononi mwa Maalim ilikuwa na mashahidi wawili, na mmoja wao kwa kawaida alikuwa Hamad wa Wete. Ndoa yetu haifungwi bila mashahidi waadilifu, na kuitwa shahidi ni watu wote kusema mbele ya Mungu kwamba neno la mtu huyu linatosha. Baba hakuwa na cheo kingine chochote katika nchi hii. Kiwandani alikuwa namba kwenye kadi ya saa, mitaani alikuwa mgeni, kwenye barua alikuwa bubu. Siku za ndoa alivaa kanzu na joho la babu yake, akakaa mbele, akaulizwa amesikia, akasema nimesikia. Baada ya Oktoba ile hakuulizwa tena. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Maalim alikuwa akimpa mkono kama zamani, halafu anamwita mtu mwingine asogee mbele. Vijana, ambao kwao hakuna mtu asiye na jina la utani, wakamwita Hamad Maili. Nilimwona siku moja kwenye harusi ukumbini, amekaa safu ya nne na joho lake, akitazama mikono yake wakati bwana harusi anasomewa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilielewa kila kitu, na nilikwenda kula pilau.

Hakunikemea. Hakunipiga, hakumwambia Mama, hakulitaja. Ila barua iliyofuata, ya hospitali nadhani, hakunipa. Niliiona mezani asubuhi, mchana haikuwapo, na jioni nikamsikia akimwambia Mama yaliyomo. Alikuwa ameipeleka kwa mwenye duka, kwa Mhindi wa Kisumu, akasomewa kati ya magunia ya mchele na wateja wakisikia. Tangu hapo hakunipa tena karatasi hata moja niisome. Nilikuwa nimeichukia kazi ile miaka yote, na siku niliyopokonywa nilijifungia chooni nikalia.

Sasa magari hayana waya nyuma ya mshale, mengine hata mshale hayana, ni kioo kinachowaka. Mtu akitaka kujua maili za gari lolote huandika namba yake kwenye simu na historia yote ya ukaguzi inamjia, mwaka baada ya mwaka. Kadi yangu isingemdanganya mtu yeyote leo. Baba amepita miaka themanini, yuko palepale Wembley, peke yake tangu Mama alipofariki, na barua zake anasomewa na simu. Anaishika juu ya karatasi nayo inamwambia kwa Kiswahili cha ajabu, cha kukatakata, na yeye anaisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Mimi niko pale, nimekaa kiti cha pili, na Kiswahili changu kimerudi chote. Hanipi. Nadhani hata si kisasi tena, ni mazoea tu, na mazoea yanaumiza zaidi kwa sababu hakuna wa kumwomba ayaache.

Maalim alifariki zamani. Bwana Shaame tulimzika majira ya kuchipua mwaka huu, na Baba alikwenda kaburini kwa mkongojo, akatupa udongo wake kama watu wengine. Tuliporudi nilimvua viatu, nikakaa sakafuni mbele yake, na kwa mara ya kwanza nikasema. Nikasema kadi ya pili niliinakili mimi, mstari niliuacha makusudi, na nilimsomea kisichokuwapo, na mbele ya wageni nikamzulia. Nililia sana, nikiri, na sehemu ya kilio kile ilikuwa nafuu, maana nilidhani nimeutua mzigo.

Baba alingoja nimalize.

"Mie sikuwa na haja ya kuambiwa," akasema. "Nilikuwapo. Waliokuwa wa kuambiwa ni Shaame na Maalim."

Nilimwuliza kwa nini hakunitaja siku ile. Neno moja lingetosha, na joho lake lisingekaa safu ya nne maisha yake yote. Alitazama soksi zake.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Nikasema na akue, atakwenda mwenyewe awaambie."

Mwezi ujao natimiza miaka arobaini na mbili.